Kanyagio la Mama

Mama yangu alianguka bafuni kwake, akavunjika mkono wa kulia pale kwenye kifundo, ndiyo maana akahamia kwetu na begi moja, mto wake wa kulalia na hasira zake zote.

Hasira zilikuwa za haki. Maisha yake yote mama amekuwa fundi cherehani. Alikuwa ameshastaafu, na macho ya kuona tundu la sindano yalikuwa yamempungua, lakini mikono ilikuwa bado mikono. Sasa ule wa kulia ulikuwa ndani ya plasta kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko, na mtu wa kumfunga vifungo vya blauzi ni mimi.

"Nimekuwa mtoto mchanga," alisema nilipomsaidia kushuka kwenye gari. "Bado kubebwa mgongoni tu."

Mimi nilikuwa na tatizo jingine ambalo sikuwa nimemwambia. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Chumba cha pili kilikuwa cha binti yetu kabla hajaenda chuoni, na tangu alipoondoka kilikuwa kimepata mwenyewe mpya. Mwenyewe huyo alikuwa meza.

Hapa inabidi nimweleze mume wangu. Ni fundi wa mafriji, mrefu, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Miaka yote ya ndoa yetu, yeye na mama hawakuwahi kupita salamu. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?" "Hatujambo." Baada ya hapo mume wangu anaangalia dari, mama anaangalia mlango, na mimi nakimbilia jikoni kuleta chai ambayo hakuna aliyeiomba. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa wanaheshimiana mpaka wanakosa la kusema.

Sasa mkwe huyu wa heshima zake, mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, ana wazimu mmoja: vigari vya sloti. Ni vigari vya umeme, urefu wake kama kidole cha kati, vinavyokimbia kwenye barabara ya plastiki iliyochongwa mifereji myembamba, na barabara hiyo ndiyo iliyojaza meza ile ya chumbani. Chini ya pua ya kila kigari kuna kipini kinachoingia mferejini, na kando ya kipini kuna visuka viwili vya waya wa shaba vinavyonyonya umeme kutoka barabarani. Dereva anashika kidhibiti mkononi na kukibonyeza kwa kidole. Ukibonyeza sana gari linaruka kama limechomwa sindano; ukibonyeza kidogo linatambaa. Usukani hakuna, breki hakuna. Ufundi wote ni kujua wakati wa kuachia. Ukiingia kwenye kona hujaachia, gari linachomoka, linapaa, na unaenda kulitafuta uvunguni mwa kabati.

Kazi yangu mimi ni ualimu wa udereva. Nimewafundisha watu wazima wanaotetemeka kurudi nyuma na gari kwenye kichochoro. Lakini kwenye meza ile sijawahi kumaliza mzunguko mmoja bila kupaa, na mume wangu, pamoja na upole wake wote, hunicheka mpaka machozi yanamtoka.

Siku mama anakuja, mume wangu alichanganyikiwa. Alitandika shuka juu ya barabara yote, na madaraja yake na kona zake, kisha akaweka juu yake pasi na mashati yaliyokunjwa.

"Tutamwambia ni meza ya kupigia pasi," alisema.

"Meza ya kupigia pasi kubwa kuliko kitanda?"

"Tuna nguo nyingi."

"Kwa nini usimwambie tu?"

Alinitazama kama nimemwambia atembee uchi. "Nimwambie mama mkwe kwamba mwanawe ameolewa na mtu anayecheza na vigari?"

Siri hiyo haikumaliza hata siku. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limekunjwa vizuri pembeni, pasi iko sakafuni. Alikuwa anasukuma kigari chekundu kwa kidole cha mkono wa kushoto huku akinguruma kwa midomo. Kabla sijasema neno, mume wangu naye akatokea mlangoni, boksi lake la vifaa mkononi. Akaganda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mkwe, hivi ni vya mtoto gani?"

Aliliweka boksi la vifaa chini. "Ni... vyangu, Mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na vile vya kwenye kabati la kioo?"

"Na vile pia."

Mama alikitazama kigari, akamtazama mkwewe kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akarudi kwenye kigari. "Sasa unasimama mlangoni ukingoja nini? Njoo uviwashe. Tangu asubuhi navisukuma kwa kidole kama mjinga."

Nilikwenda kuinjika chai, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kuharakisha. Kutoka jikoni niliwasikia wakizungumza. Mume wangu alikuwa anaeleza, polepole kwanza, halafu maneno yakaanza kumwagika: mota, gia, namna ya kupiga msasa tairi ili zikae sawasawa, namna ya kubandika kipande cha risasi chini ya bodi ili gari lisipepesuke. Mama alikuwa anauliza. Niliporudi na vikombe, hakuna aliyenitazama.

Shida ilikuwa mkono. Wa kulia umefungwa, na wa kushoto wa mama haujui lolote. Hata kijiko ulikuwa unakipeleka shavuni. Kila akibonyeza, kigari kinapaa. Kilipiga ukuta, kikaingia kwenye kandambili, mara moja kikatua kwenye kikombe changu. Alijaribu tena na tena, na nikaona kile kicheko cha mwanzo kinaondoka usoni kwake. Mwisho akaweka kidhibiti chini.

"Basi," alisema. "Vitu vya watu wenye mikono."

Aligeuka akajilaza, akatugeuzia mgongo. Hivyo ndivyo alivyokuwa amekaa karibu kila siku tangu aanguke, na mimi nilikuwa nimeshazoea. Mume wangu hakuwa amezoea. Usiku huo alikula huku kijiko kikisimama njiani.

"Cherehani ya mama," akaniuliza ghafla, "ilikuwa ya umeme?"

"Ya mwisho, ndiyo."

"Ina lile kanyagio la chini?"

Kesho yake nilipitia nyumbani kwa mama nikalichukua. Mume wangu akalifungua kwenye meza ya jikoni, akatoa matumbo yake yote, akapachika humo matumbo ya kidhibiti kimoja cha zamani. Alilehemu nyaya, akabadilisha springi mara kadhaa, akawa analikanyaga kwa kiganja na kusikiliza kama daktari anayepima kifua. Halafu akalipeleka chumbani, akaliweka sakafuni mbele ya mama, akasimama pembeni mikono nyuma.

"Mama, samahani. Nimeliharibu kidogo kanyagio lako. Hebu lijaribu."

Mama alikaa, akavua kandambili, akaweka mguu juu yake. Nauona mpaka leo ule mguu. Vidole vilijipanga vyenyewe, kisigino kikatua, na bega lake likashuka kama la mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Akakanyaga. Kigari chekundu kikaondoka taratibu, kikaongeza mwendo kwenye mnyoofu, kile kipande kisicho na kona, na kilipofika kwenye kona mguu ukainuka kidogo tu, kikazunguka bila kutikisika, na kabla hakijamaliza kona mguu ukashuka tena.

"Alaa!" alisema mama. "Kumbe ni kola!"

"Ni nini?" niliuliza.

"Kola ya shati. Unaingia polepole, unatoka kwa haraka. Mnyoofu ni pindo la shuka, huko unaachia cherehani iende yenyewe. Nyie mngesema tangu mwanzo."

Akazunguka. Akazunguka tena. Mume wangu alikaa sakafuni kando ya meza akikodolea macho tairi za nyuma, na akasahau kabisa heshima. "Hapo, Mama, hapo! Achia! Sasa kanyaga! Kanyaga!"

Kuanzia siku ile nyumba yangu ikabadilika. Nikirudi, nasikia mvumo kutoka chumbani na sauti mbili zikibishana. Mama, ambaye nilikuwa nambembeleza atoke kitandani, sasa anaamka kabla yetu na kudai afungwe vifungo upesi. Alijifunza kusafisha visuka kwa mkono wa kushoto, kwa kuvichana na mswaki mkavu, na mkono ule wa kushoto nao ukaanza kupata akili. Mume wangu aligundua kwamba mama mkwe wake ni mtu wa matani. Mama naye aligundua kwamba mkwewe anaongea.

Kisha likatokea la boksi.

Kwenye kabati la kioo, rafu ya juu, mume wangu alikuwa na kigari kimoja cha bluu chenye mstari mweupe. Kilikuwa kwenye boksi lake la asili, karatasi yake ya nailoni haijaguswa tangu kiwandani. Alikuwa amekitafuta miaka mingi kabla ya kukipata kwa mzee mmoja mkusanyaji aliyekuwa anahama. Hakikufunguliwa hata siku moja. Wageni walikuwa wanaonyeshwa kwa mbali. Mimi nilikuwa naruhusiwa kupangusa vumbi la kabati, la boksi hapana.

Jumamosi moja tulirudi sokoni tukamkuta mama amekaa kwenye kiti chake, nailoni imechanwa kwa meno, boksi limepasuka ubavu, na kigari cha bluu kiko mapajani mwake.

"Hiki kizuri jamani," alisema akiwa na furaha tele. "Lakini hakitembei sawa, kinateleza. Mlikiweka kwenye boksi kwa sababu ni kibovu?"

Mume wangu aliangalia boksi, akamwangalia mama, akasema, "Samahani, nakuja," akaenda kusimama jikoni akiwa amelishika sinki kwa mikono miwili.

Ilinibidi mimi nimweleze mama. Nilipokuwa nazungumza rangi ilimtoka. Hakujitetea. Alikiweka kigari mezani kama yai, akanyanyuka, akaenda jikoni. Nilimfuata mpaka mlangoni nikaishia hapo.

"Mwanangu," alisema, "nimeharibu kitu chako cha thamani."

"Hapana, Mama."

"Usiniambie hapana. Hiyo hapana yako naijua, ni ya adabu. Niambie ukweli."

Bomba lilikuwa linadondosha matone. Nilidhani ataangalia dari kama zamani.

"Nimeumia, Mama," alisema mwishowe. "Nimeumia sana. Lile boksi nimelitunza kuliko hata cheti cha ndoa."

"Hee!" nikasema mimi.

"Basi nisamehe," mama akasema. "Sikujua. Lakini hata ningejua nisingeelewa. Mtu anatengeneza gari, linanunuliwa, linafungiwa. Ni kama kushona gauni la harusi likabaki kwenye mfuko mpaka bi harusi anazeeka."

Mume wangu alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa macho yalikuwa na maji. "Limeteleza kwa sababu tairi zake zimekauka," alisema. "Mpira ukikaa muda mrefu unakuwa mgumu. Na grisi ya kwenye gia imeganda. Lingebaki ndani miaka mingine lingekuwa jiwe."

"Linatibika?"

"Linatibika."

Jioni yote waliitumia juu ya kigari kile. Yeye alikifungua, akasafisha gia, akadondosha mafuta kwenye ekseli kwa ncha ya sindano. Tairi mpya zilivikwa, na mama akawa anakanyaga taratibu huku yeye akizishusha tairi juu ya kipande cha msasa mpaka zikawa duara kweli kweli. Walipokiweka barabarani kilitoa sauti ambayo hata mimi nisiyejua kitu niliigeukia. Hakikuwa kinapiga kelele, kilikuwa kinavuma.

"Hiki ndicho chako, Mama," alisema mume wangu. "Utakiendesha kwenye mashindano."

"Mashindano gani?"

Klabu ya mume wangu na wenzake wa vigari hukutana ghorofani juu ya duka la mikate. Mwokaji, mwenye duka, ni mwanachama. Barabara yao ya njia nne imejaza ukumbi, na harufu ya mkate inapanda kupitia ngazi mpaka madereva wanaendesha huku wakimeza mate. Muda wa mbio hupimwa kwa saa ya tanuri: ikilia, umeme unakatwa, na aliyezunguka zaidi ndiye mshindi. Mwenyekiti wao ni mpiga picha wa studio ambaye wote wanamwita Bwana Kanuni. Msimu hadi msimu ndiye bingwa. Mume wangu huwa wa pili au wa tatu.

Tulipopanda na mama, plasta mkononi na kanyagio ndani ya mkoba wa sokoni, watu waliinuka wakamsalimia vizuri. Lakini alipotoa kanyagio, Bwana Kanuni alivaa miwani.

"Mama yetu, karibu sana. Ila kuna jambo. Kanuni inasema kila mshindani atashika kidhibiti chake mwenyewe. Atashika. Sasa hiki..."

"Nakishika," mama akajibu. "Kwa mguu."

Mwokaji aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Bwana Kanuni alilipindua kanyagio, akachungulia nyaya, akakuna kidevu. Mwisho akasema mama ataendesha kama mgeni, lakini hata akishinda pointi hazitaandikwa. Mama alimwambia hakuja kutafuta pointi, amekuja kutoka nje ya nyumba. Kiti kikaletwa.

Njia nne: Bwana Kanuni na kigari chake cha kijani, mwokaji na cheupe, mume wangu na chekundu, mama na cha bluu. Mimi nikapangwa kwenye kona kali ya mwisho, kazi yangu kurudisha barabarani vigari vilivyochomoka.

Viliondoka kwa mkupuo. Mwokaji alipaa kwenye kona ya kwanza, nikamrudisha. Akapaa ya pili, nikamrudisha tena. Cha kijani kilikuwa mbele, na nyuma yake cha bluu na chekundu vikiwa bega kwa bega. Mama alikuwa ameinama mbele, ulimi kwenye pembe ya mdomo, vile vile alivyokuwa akishona sare za shule wiki ya kufungua. Nilisimama pale nikiwa na kigari cha mwokaji mkononi na nikasahau kukirudisha mpaka mwenyewe akapiga kelele.

Halafu mama, bila kuinua macho, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Mkwe! Unanipisha!"

"Hapana, Mama!"

"Unaachia mapema. Nakusikia. Kila kona unaniachia nipite kwa adabu. Na huyo wa mbele unampisha pia, ndiyo maana huwa wa pili. Ukiendelea kuniheshimu humu ndani, sitakusamehe!"

Ukumbi ulilipuka. Mume wangu aliona haya mpaka masikioni. Kisha nikaona taya lake linakaza, jambo ambalo sijaliona hata siku tuliyoibiwa baiskeli. Kigari chekundu kilimpita mama kwenye mnyoofu. Kikaingia kona yangu kwa kasi mpaka nikanyoosha mikono kukidaka, lakini kilikaa, mkia umekwenda upande, kikatoka kikiwa kimeshika barabara. Mama alipiga kigelegele, mguu ukamteleza, na cha bluu kikapaa kikatua kifuani mwangu. Nilikuwa nacheka vibaya mno, nilikirudisha kinyumenyume kwanza.

Chekundu na cha kijani vilikuwa pua kwa pua saa ya tanuri ilipolia. Umeme ukakatika, vigari vikaserereka na kusimama. Bwana Kanuni alipiga magoti, akaweka rula, akavua miwani, akaivaa tena. Alisimama akampa mume wangu mkono.

"Kwa urefu wa boneti," alisema. "Kanuni ni kanuni. Umeshinda."

Mume wangu hakujua aiweke wapi mikono yake. Alitazama huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake na kumkumbatia, plasta na yote. Katika maisha ya ndoa yetu hilo halikuwahi kutokea. Mama alimpiga mgongoni kwa mkono wa kushoto.

"Wa tatu!" alilalamika. "Na huyu binti yangu alinirudisha nikitazama nyuma! Nani alimpa leseni?"

Tukiwa tunashuka ngazi, mikate ya moto mikononi, Bwana Kanuni alimvuta mume wangu kando. Kidole gumba chake, alisema kwa kunong'ona, siku hizi kinamuuma. Kanyagio kama lile linachukua muda gani kutengeneza?

Plasta ilitolewa baadaye, na daktari akaridhika. Mama akasema anarudi kwake. Mume wangu alisema vizuri, vizuri, akabeba begi mpaka kwenye gari, na njiani alikaa kiti cha nyuma akitazama dirishani kama anayempeleka mtoto shule ya bweni.

Tulipofika, mama alifungua madirisha, akatupitisha sebuleni hadi chumba chake cha kazi. Meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa imekaa pale pale katikati, ndefu, pana, tupu. Aliipapasa kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mwembamba na mweupe kidogo, lakini vidole vyote vinakunja.

"Mkwe," alisema, "kona kali ungeiweka upande gani?"

Mume wangu alichukua futikamba kutoka kwenye msumari. "Huku kwenye dirisha, Mama."

"Dirishani likipaa si litaangukia kwa jirani?"

"Basi usiachie lipae."

"Ebo! Unanijibu hivyo mimi?"

Niliwaacha nikatoka kwenda kuwasha gari, maana nilikuwa na mwanafunzi ananisubiri. Nilipiga honi. Nikapiga tena. Kupitia dirishani niliwaona wameinama pande mbili za meza, wakivutana futikamba, kila mmoja akionyesha kwa kidole upande wake. Nikaondoka zangu peke yangu.